Mchezo wa mezani Pweto: mgeni haletwi na bango, analetwa na mtu

Pweto – Katika mji huu, pale mto Luvua unapotoka ziwa Moero, habari hutembea kwa mdomo kwanza, ndipo inafika redioni. Wakaaji wanaijua nguvu hiyo kwa uchungu. Mwezi wa 12 mwaka 2000, Pweto ilipoanguka mikononi mwa waasi wa RCD na askari wa Rwanda, maelfu ya watu walivuka kuingia Zambia. Mwaka 2017 watu walivuka tena. Wengi walipokelewa Kenani, katika wilaya ya Nchelenge, na kuanzia mwezi wa 1 mwaka 2018 wakahamishiwa Mantapala. Kwa familia nyingi, alama ya kwanza ya kufunga mizigo ilikuwa neno la jirani mlangoni. Na kule Moba, mwezi wa 8 mwaka 2007, uvumi juu ya kurudishwa kwa Banyamulenge ulitosha kuwatoa watu barabarani mpaka ofisi za mashirika zikashambuliwa.

Mdomo huohuo unaweza kufanya kazi nyingine. Unaweza kukusanya watu badala ya kuwatawanya. Njia moja inayofaa kufikiriwa Pweto, Kilwa, Dubie na kila penye wahami ni mchezo wa kuigiza wa mezani. Vijana wa wenyeji na vijana wa wahami hukaa benchi moja asubuhi kwenye masomo, lakini jioni kila upande unarudi kwa watu wake. Mchezo huu unaweza kuwakalisha pamoja saa hizo. Lakini hautaenea kwa bango wala kwa tangazo. Utaenea kwa mtu mmoja kumwita mtu mmoja, na kwa namna yule aliyeitwa atakavyopokelewa siku ya kwanza.

Kwa asiyeujua, mchezo wenyewe uko hivi. Watu wanne au watano wanakaa kuzunguka meza, au mkeka kama meza hakuna. Mmoja ni msimulizi. Anasema: mtumbwi umetoka Kilwa kurudi Pweto na magunia kumi ya unga, katikati ya ziwa upepo umebadilika na maji yanaingia, mnafanya nini? Kila mchezaji ameshika nafasi ya mtu fulani ndani ya mtumbwi. Mmoja ni mwenye mtumbwi. Mwingine ni mama mchuuzi aliyekopa pesa ya magunia. Wa tatu ni kijana anayeficha kwamba hajui kuogelea. Kila mmoja anasema anachofanya, kwa maneno ya yule aliyemshika. Pale ambapo mambo yanaweza kwenda huku au kule, wanarusha dadu: ikitoka namba kubwa, amefaulu, ikitoka ndogo, msimulizi anasema kilichoharibika, na habari inaendelea. Hakuna anayeshinda wengine. Wote wanashinda au wanazama pamoja, na wakizama, kesho wanaanza safari nyingine.

Gharama yake ni ndogo. Dadu ya ludo inatosha. Kama haipo, vipande sita vya karatasi vyenye namba ndani ya kikombe vinafanya kazi ileile. Kaye moja na kalamu vinatosha kuandika majina ya watu wa kwenye habari na mali waliyobeba.

Mchezo wa aina hii ulianza kuuzwa Marekani mwaka 1974. Ulioufungulia wengine njia unaitwa Dungeons & Dragons, kazi ya Gary Gygax na Dave Arneson, na nakala za kwanza zilikuwa 1,000 tu. Kwa namna gani nakala chache hivyo zilizaa mchezo unaochezwa leo duniani kote? Jibu liko ndani ya mchezo wenyewe: huwezi kuucheza peke yako. Kila aliyenunua alilazimika kwenda kutafuta watu wengine wa kukaa naye, na katika hao, mmoja au wawili walikwenda kuanzisha meza yao mahali pengine. Kila mchezaji alikuwa pia mtangazaji, hata bila kujua.

Hapa Katanga kazi ya kushika nafasi ya mtu mwingine na kusema bila maneno yaliyoandikwa si ngeni. Lubumbashi inalijua kundi la Mufwankolo, lililosikika na kuonekana kwa miaka mingi redioni na kwenye televisheni kwa michezo ya Kiswahili cha Katanga. Waigizaji wale hawakukariri kitabu. Walikubaliana juu ya habari na nani anashika nafasi gani, halafu kila mmoja akasema kwa mdomo wake. Mwaka 1986 walitengeneza kwa namna hiyo mchezo juu ya msemo kwamba madaraka huliwa mzima, na mtafiti Johannes Fabian akaandika juu ya kazi hiyo kitabu kilichotoka mwaka 1990. Tena, shirika la Search for Common Ground, lililoanza kazi Kongo mwaka 2001, limetumia katika nchi hii michezo ya jukwaani ambamo mtazamaji anaitwa kushika nafasi ya mwigizaji na kujaribu njia nyingine ya kumaliza ugomvi. Njia hiyo ina mizizi kwa Mbrazili Augusto Boal, tangu miaka ya 1970. Tofauti ni kwamba mezani hakuna jukwaa na hakuna watazamaji. Mwenye haya, asiyeweza kusimama mbele ya watu mia moja, anaweza kusema mbele ya watu wanne.

Sasa kuna methali inayosema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Kwa kisolo na kwa dame methali hiyo ni ya kweli. Mtu anayepita anaona mbegu zikizunguka kwenye mashimo, au vifuniko vya chupa vikiruka kwenye ubao. Anasimama nyuma ya wachezaji, anatazama siku mbili tatu, anaanza kutoa mashauri ambayo hakuna aliyemwomba, na siku moja nafasi inapofunguka anakaa. Hakuna aliyemwita. Jicho lilimfundisha.

Mchezo wa kuigiza wa mezani haujiuzi hivyo. Anayepita haoni kitu. Anaona watu watano wanazungumza, wanacheka, wanarusha dadu mara moja, wanazungumza tena. Hajui kwa nini wamecheka. Mchezo huu unaingia kwa sikio, na sikio linahitaji mtu wa kulisogelea. Kwa hiyo wanaoupenda wasingoje kizuri kijiuze. Lazima wakitembeze, lakini wajue namna.

Kwanza wajue kwa nini mtu anakataa. Sababu kubwa kwa wahami haihusu mchezo, inahusu kaye. Familia iliyopita kambini imezoea jambo moja: akija mtu na kaye na kalamu, ni kuandikwa majina. Baada ya kuandikwa kuna jetoni, na baada ya jetoni kuna unga, sabuni au turubai, au hakuna kitu. Kijana akimwambia mhami, "Njoo kesho saa tisa, tutakaa, nitaandika jina lako na vitu ulivyo navyo," huyo atakuja na mama yake na wadogo zake wanne. Wakigundua kwamba vitu vinavyoandikwa ni vya mtu wa kwenye hadithi, wataondoka na hasira, na hasira hiyo itafika kisimani kabla ya jua kuzama. Ndiyo sababu neno la kwanza la anayealika liwe wazi: huu ni mchezo, hakuna orodha, hakuna msaada, na hakuna pesa ya kuingia.

Sababu ya pili ni woga wa kamari na uchawi. Penye dadu watu wanafikiri pesa. Penye watu wanaosema "mimi sasa ni mtu mwingine" wengine wanafikiri mapepo. Woga huo si wa Pweto peke yake. Marekani kwenyewe, katika miaka ya 1980, wazazi na wahubiri wengi waliushambulia mchezo huu wakisema unawapeleka watoto kwa shetani. Dawa ya woga huo ni mchana na mahali pa wazi. Wacheze chini ya mwembe, si ndani ya nyumba iliyofungwa. Wamwambie mkubwa wa mtaa kabla ya kuanza, kwa sababu katika eneo lililojua vita, vijana wanaokutana gizani wakizungumza mambo ya mapigano wanaweza kutiliwa shaka. Na mzazi anayepita akaribishwe kuketi na kusikia, hata kama hatacheza.

Sababu ya tatu ni lugha. Pweto inasema Kiswahili, Kibemba, Kiluba, Kizela, Kitabwa, na Kifaransa kwa waliosoma. Msimulizi akipenda kuonyesha Kifaransa chake, amekwisha kufunga mlango. Mgeni anayetafuta maneno anaogopa kuchekwa, na mtu akichekwa mara moja harudi. Mezani kila mmoja aseme lugha inayomtoka, na aliye karibu atafsiri. Tena mama mchuuzi wa kwenye hadithi akisema Kibemba cha sokoni, hadithi inakuwa nzuri zaidi.

Baada ya hapo inabaki kazi ya kualika. Wanaopenda mchezo wana kosa moja linalofanana kila mahali: wanaanza na kanuni. Wanaeleza dadu, namba, nani anaanza, nini kinaruhusiwa, mpaka anayesikiliza anaangalia pembeni. Hakuna aliyewahi kuwapenda samaki kwa sababu alielezwa namna ya kushona wavu. Mtu anaelezwa habari. "Jana tulizamisha mtumbwi wa Kilwa kwa sababu mwenye mtumbwi alikataa kutupa gunia hata moja, lakini mama mchuuzi alifika pwani akiwa ameshika bidoni tupu." Anayesikia atauliza: kwa nini alikataa? Hapo ndipo pa kumjibu: njoo Jumamosi, utakuwa wewe mwenye mtumbwi, tuone utafanya nini.

Aalikwe mtu mmoja, kwa jina lake, kwa siku inayojulikana. Mwaliko wa watu wote ni mwaliko usiomhusu mtu. Na kama ni mhami, aambiwe aje na ndugu au rafiki yake. Kukaa peke yako kati ya wenyeji wanne ni kama kukaa mbele ya baraza.

Siku ya kwanza iwe fupi. Saa moja inatosha. Habari ianze na kwisha siku hiyohiyo, ili mgeni arudi nyumbani akiwa na kitu kizima cha kusimulia. Apewe nafasi ya mtu anayemfahamu: mvuvi, mwendesha kinga anayepakia makaa, mama wa munkoyo, mganga wa zahanati asiye na dawa. Mazimwi na majumba ya wafalme wa Ulaya yanaweza kungoja. Anayejua kazi anayoigiza anakuwa na la kusema tangu dakika ya kwanza, hata mbele ya wale wanaojua mchezo kumpita.

Hapa kuna jambo moja lisilopaswa kufanyiwa mzaha. Msimulizi wa wenyeji anaweza kudhani kwamba hadithi inayomfaa mhami ni ya kukimbia vita. Hapana. Mtu aliyekimbia Mitwaba au Manono usiku na watoto mgongoni hakuja mezani kukimbia tena. Bunduki, kuchoma nyumba na kutekwa visiletwe kwa mgeni. Kama yeye mwenyewe, siku nyingine, atataka kuyaingiza, hilo ni lake. Na tangu mwanzo wakubaliane alama moja, kama kuweka mkono juu ya meza, inayosema: tuache hapa, tupite. Anayeiweka haulizwi sababu. Mchezo si matibabu, na msimulizi si daktari wa mawazo. Anachoweza kufanya ni kutomwumiza mtu.

Wako pia wasioalikwa kwa sababu hakuna aliyewaona. Ukipanga mchezo saa kumi alasiri, wasichana wako kwenye pompa na bidoni, au wanasonga bukari. Meza itajaa wavulana, na watasema wasichana hawapendi mchezo. Waulizwe kwanza saa yao ni ipi. Labda ni Jumapili baada ya ibada, labda ni asubuhi ya siku isiyo ya soko. Tena wanawake ndio wenye njia ndefu zaidi ya habari Pweto: kisimani, sokoni, kwenye kusaga unga. Msichana mmoja aliyefurahi mezani anaufikisha mchezo mahali ambapo wavulana kumi hawawezi kuufikisha.

Ipo pia hesabu ya viti. Msimulizi mmoja anaweza kuongoza watu wanne au watano vizuri. Wakiwa wanane, wawili wanasinzia. Kwa hiyo anayealika sana bila kuandaa wasimulizi anajaza meza ili aivunje. Aingie mgeni mmoja au wawili kwa siku. Aliyekuja wiki iliyopita ndiye amweleze aliyekuja leo, kwa sababu bado anakumbuka ni kitu gani kilimchanganya. Na aliyecheza mara nne au tano ajaribu kusimulia, hata habari ya nusu saa. Siku meza inapopata msimulizi wa pili, inaweza kuzaa meza ya pili bila ugomvi.

Kwa Pweto hesabu hiyo ina uzito wa pekee, kwa sababu watu wanaondoka. Mhami akisikia usalama umerudi kwao, anafunga mizigo. Mwenyeji akikosa kazi, anakwenda Lubumbashi au kwenye machimbo. Meza isiyopokea wageni wapya itakufa kabla ya masika mbili, hata kama walioianza ni ndugu wa damu. Lakini anayeondoka akiwa anajua kusimulia hajapotea. Anaubeba mchezo hadi kijijini kwake, na huko atakuwa mwenyeji anayeita wageni.

Wengine watauliza: watu wana njaa, mashamba yameachwa, na mnaleta michezo? Swali hilo ni la haki. Mchezo haujazi sufuria, na anayesema utaleta amani peke yake anadanganya. Shida ya ardhi, ya maji na ya usalama ina watu waliopewa kazi ya kuitatua, na wasipewe nafasi ya kujificha nyuma ya dadu. Lakini njaa ya unga haimalizi saa za kijana. Kijana asiye na shamba na asiye na pesa ya masomo ana mchana mrefu, na wapo wanaomtafuta kwa kazi mbaya. Hao nao hutumia mdomo: mtu mmoja anamwita mtu mmoja, kwa jina lake, kwa siku inayojulikana. Ikiwa njia hiyo inafaa kwa kumpeleka kijana msituni, kwa nini iachwe na wale wanaotaka abaki mjini?

Tena kuna faida inayowagusa wenyeji. Methali nyingine inasema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mwenyeji aliyemwona mhami kama mdomo wa kulisha tu, akikaa naye saa moja ndani ya mtumbwi wa maneno, anagundua kwamba huyu anajua kusoma upepo, au anajua kutuliza ugomvi, au anachekesha. Kesho yake sokoni anamwita kwa jina. Hilo ni jambo dogo, lakini uvumi ukija siku nyingine juu ya "wale wa kambini," atakuwepo mtu mmoja anayeweza kusema: ngojeni, mimi ninamfahamu mmoja wao, twende tumwulize.

Redio nayo ina kazi yake, lakini haiko mbele. Tangazo la "njooni nyote" litaleta umati siku ya kwanza na manung'uniko siku ya pili. Redio ifuate. Meza mbili tatu zikisimama, wachezaji wenyewe waseme hewani walichokifanya, kwa lugha zao, na mtangazaji akumbushe yale matatu: ni bure, hakuna orodha, mahali ni pa wazi. Hata vilabu vya wasikilizaji vinaweza kujaribu. Watu waliozoea kukaa pamoja wakisikiliza habari hawako mbali na kukaa pamoja wakiitengeneza.

Kwa hiyo, ndugu wasikilizaji wa mitaa ya Pweto, na nyinyi mlio kambini au kwenye familia za kuwapokea, anayetaka kuanza asingoje shirika lilete sanduku. Atafute dadu moja na watu watatu. Wacheze mara mbili wenyewe kwa wenyewe, ili msimulizi ashike kazi. Wiki ya tatu waache kiti kimoja wazi, na mmoja wao aende kumwita mtu ambaye hawajawahi kukaa naye.